Ramani Yako Inadanganya, na Fundi Ndiye Analaumiwa

Wasee wa ramani wa Migori na Homa Bay, leo ni zamu yenu. Najua wengine mtaacha kunifuata, na ni sawa tu. Nimechoka kusikia ati snapu ni ya wavivu, ati mchoraji halisi ana "jicho". Jicho gani? Hilo linaloona mistari miwili imegusana kwenye skrini, halafu ukikuza picha unakuta imeachana kama majirani waliogombania mpaka?

Nianze na mimi mwenyewe ndio msiseme nasengenya watu. Nikiwa mpya kwa hii kazi, nilimchorea mama mmoja wa Oyugis nyumba. Upande wa nyuma ulikuwa na chumba cha kulala mita 3.6, bafu 2.4, na chumba kingine 3.6. Kuta nne za milimita 150 ni mita 0.6. Jumla 10.2. Hesabu ya darasa la sita.

Mama akapiga simu: bafu iongezwe nusu futi. Nikavuta ukuta kwa mausi, bafu ikawa 2.55, na chumba cha pili kikabaki 3.45. Lakini kwenye karatasi chumba hicho kiliendelea kusoma 3.6, kwa sababu kipimo chake sikuiachia programu ikisome. Nilikuwa nimekiandika mwenyewe juu ya mstari. Ndivyo nilivyofundishwa: karatasi ikitoka safi kwa printa, alama unapata.

Siku tatu baadaye fundi akanipigia. "Kijana wangu, nyumba yako ina sentimita kumi na tano ambazo hazijazaliwa." Alikuwa amepima chumba baada ya chumba kutoka kushoto, kama ramani ilivyosema, na ukuta wa mwisho ukaangukia nje ya kamba. Mtaro ulikuwa umeshachimbwa. Ukachimbwa tena, na mama akalipa vibarua siku mbili zaidi. Unajua alimgombeza nani? Si mimi mwenye laptopu na shati la kunyoosha. Alimgombeza yule mzee.

Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Kwa sababu ukienda saiti yoyote, kutoka Rongo hadi Mbita, ni fundi anayefuata masharti, si sisi. Anatandaza kamba ndio ukuta usipinde. Ananing'iniza timazi ndio usimame wima. Akitaka kona ya mraba anapima tatu upande huu, nne upande ule, na akiunganisha lazima apate tano, la sivyo anasogeza kigingi. Hakuna siku utamsikia akisema "kona inakaa sawa, twende". Sisi tulio na mashine inayohesabu hadi sehemu ndogo kuliko unywele ndio tunapiga kazi kwa macho.

Na hivi vitu si vigumu. Snapu inakamata mahali kamili unapochora: ncha ya mstari, katikati yake, pale miwili inapokatana. Kwa AutoCAD ni F3 tu, kidole kimoja. Lakini snapu ina usahaulifu. Ukishabonyeza, kazi yake imeisha. Kesho ukivuta ukuta, haikumbuki kwamba ule mwingine uliushikilia. Hapo ndipo masharti ya jiometri yanaingia. Unaiambia programu: mistari hii ilingane urefu, hii iwe sambamba, hii ikutane kwa pembe mraba, ncha hizi zisiachane kamwe. Ukisogeza mmoja, mingine inafuata. Ningekuwa nimefunga upana wa nje kwa 10.2 na kuacha vipimo visomwe na mashine, chumba kingejiandika 3.45 chenyewe, na mama angeamua mapema kama anakubali kupoteza hiyo nafasi.

Msiniambie ni mambo mapya. Ivan Sutherland alionyesha haya mwaka 1963 kwa programu yake ya Sketchpad, pale MIT huko Marekani: unachora kwa kalamu ya mwanga mistari iliyopinda, unaipa sharti, mashine inainyoosha. Mwaka uleule tulipopata Uhuru! AutoCAD nayo ilipata masharti haya kwenye toleo la 2010. Na kama shida ni pesa, FreeCAD ni ya bure na masharti iko nayo. Mchoro wako ukishafungwa wote unageuka kijani. (LibreCAD pia ni ya bure, ila hiyo ina snapu peke yake.)

Halafu kuna wale wa "babu zetu walijenga Thimlich Ohinga bila kompyuta". Omera, umewahi kufika huko kweli, ama uliona picha? Mimi nimesimama kando ya zile kuta. Zinafika mita 4.5 kwenda juu, unene kama mita moja, na hakuna tope wala simiti ndani. UNESCO waliuingiza mji huo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuna uso wa nje, uso wa ndani, na mawe ya katikati yanayoshika nyuso hizo mbili. Kila jiwe limewekwa kwa kutegemea jirani yake. Hao wazee walikuwa na masharti makali kuliko programu yoyote, sasa usiwatumie kutetea uzembe wako.

Nakubali kitu kimoja: ukiwasha snapu zote pamoja, zitakuharibia. Ile ya kukamata popote karibu na mstari ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu unaona umegusa, kumbe umekosa ncha. Izime. Na ukirundika masharti yanayogombana, programu itakugomea. Hiyo nayo ni msaada. Afadhali igome hapo mezani kuliko Oyugis.

Yule mama nilimchorea upya bila kumlipisha, na nikampigia kumwambia kosa lilikuwa langu. Akanyamaza kidogo, akauliza kama nimemwambia fundi pia. Nilikuwa sijamwambia. Nikapanda matatu nikaenda. Mzee alichukua ramani mpya, akageuza kipande cha mfuko wa simiti, akajumlisha vyumba kwa kalamu mara mbili. Kisha akaita vibarua walete kamba.