Gari la Mwisho Lisiachwe

Kama umewahi kuendesha gari kutoka Marsabit kwenda North Horr, vumbi la jangwa la Chalbi unalijua. Gari la mbele likipita, dereva wa nyuma haoni hata boneti yake. Hana budi kupunguza mwendo asubiri vumbi litue, na pengo linafika kilomita moja, mbili, tatu. Hapo msafara umeshavunjika, ila walio mbele bado hawajajua.

Sisi yalitupata kati ya Maikona na Kalacha. Tulikuwa magari matatu, nami nilikuwa katika la kati. La mwisho likapata pancha, jeki nayo ikadidimia mchangani. Wenzetu walipiga honi, wakawasha taa, wakapunga mashati. Sisi tulikuwa tumefunga madirisha na kufungulia muziki, na kwenye kioo cha nyuma nilikuwa naona vumbi letu wenyewe tu. Simu zilikuwa zimepoteza mtandao zamani. Tulikuja kushtuka tumefika Kalacha, tumeshashuka, chai imeshaagizwa. Tulipogeuza na kuwapata, mama mmoja alikuwa akiwagawia watoto maji kwa kifuniko cha chupa. Hakuna aliyedhurika. Lakini kifuniko kile sijakisahau.

Ndiyo maana nawasihi: tukiacha lami, kila gari katika msafara liwe na redio ya upepo ya mkononi. Haihitaji mnara wala salio. Ukibonyeza kitufe, wote walio kwenye chaneli yenu wanakusikia papo hapo. Mkifika kwenye laga, yaani mto mkavu, yenye mchanga mwepesi, wa kwanza huvuka kisha akamwelekeza wa pili: "Shika kushoto, kulia kuna jiwe." Pancha ikitokea nyuma, mbele wanajua kabla gurudumu halijafunguliwa.

Ila msidanganywe na boksi. Kilomita nyingi zinazoandikwa pale ni za mtu aliye kileleni akizungumza na mwenzake aliye kilele kingine. Mawimbi haya hupita pale jicho lingepita. Kilima kikiingia kati, sauti hukatika. Bondeni au msituni, redio ya wati 5 hufika kilomita chache tu. Bodi la gari nalo ni chuma, hupunguza nguvu. Antena ya sumaku juu ya paa husaidia sana, kama redio yako ina mahali pa kuichomeka. Huna? Simamisha gari, shuka, tafuta mwinuko, shika redio antena ikiwa wima, kisha ita tena.

Kabla ya kununua, ulizia leseni na masafa yanayoruhusiwa: Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania kwa mamlaka kama hiyo, TCRA. Redio nyingi za bei nafuu zinaweza kurusha sauti kwenye masafa ya watu wengine, na huenda hao ndio wanaomtafutia mgonjwa gari.

Kununua peke yake hakutoshi. Asubuhi ya safari, kubalianeni chaneli moja na nyingine ya akiba. Betri zilale kwenye chaji. Dereva mzoefu zaidi akae nyuma, wala si mbele. Kila nusu saa, gari la kwanza liite na la mwisho liitike. Lisipoitika, wote wasimame. Ukibonyeza kitufe, subiri kidogo ndipo useme, la sivyo neno la kwanza litamezwa. Na nyumbani mwachie mtu njia mtakayopita na saa mnayotarajia kufika, kwa sababu redio hii haifiki mjini.

Nasema haya kwa madereva wa watalii, lakini zaidi kwa sisi wengine: kwaya inayokwenda kuimba ushago, ndugu wanaosindikiza maiti, wazee wanaokwenda kupeleka posa. Sisi ndio huondoka kwa haraka, tukiamini kwamba tutaonana mbele. Kama gharama ni nzito, changeni. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Basi safari ijayo, kabla ya kuondoka, mkabidhi redio dereva wa gari la mwisho. Rudi kwenye lako, bonyeza, umuulize: "Umenipata?" Akijibu, "Nimekupata," ng'oeni nanga.