PIKIPIKI IMEVAA SUTI, DEREVA YUKO UCHI!

Mimi nipo, nadunda, ila kiwiko cha kulia kimefungwa bandeji na makala hii naiandika kwa mkono wa kushoto. Usicheke! Chanzo chake ni kaboni. Ndiyo, kaboni! Vuta kigoda nikupe mkanda mzima.

Siku hiyo nimejilalia zangu geto, Arusha, mara simu inalia. Mama, kutoka Katesh. Sauti ya mama ikiwa na jambo unaijua tu.

"Mwanangu, huyu mtoto wa mjomba wako hesabu yake haitimii. Njoo umwone. Mimi nikisema ataona shangazi ana roho mbaya."

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo ili tuelewane. Mama alikuwa na kibanda chake Katesh, akiuza vitunguu saumu anavyovifuata Mbulu. Ikaja ile Jumapili ya Desemba 3, 2023, tope na mawe vikaporomoka kutoka Mlima Hanang. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, Katesh na vijiji vya jirani. Mama alinusurika, kibanda kikaenda na tope. Tangu hapo alijikusanya shilingi kwa shilingi, na mimi nikaongezea vijisenti vyangu vya uandishi, mpaka tukapata pikipiki. Akapewa binamu kwa mkataba wa mwaka mmoja na nusu: elfu nane kwa siku, siku sita kwa wiki, mkataba ukiisha chombo ni chake. Kwa hiyo pikipiki ile si pikipiki tu. Ndicho kibanda cha mama kilichofufuka.

Haya, nikapanda basi. Babati, Dareda, Katesh. Nashuka tu, nasikia mtu ananiita, "Kaka! Kaka!" Nageuka. Lahaula!

Ilikuwa pikipiki au chombo cha kwenda mwezini? Tanki lote limevikwa kitu cheusi chenye vijimraba-vijimraba, kinang'aa kama nyoka aliyetoka kujivua gamba. Madigadi hivyo hivyo. Siti imevaa kava la madoa ya chui, na manyoya yananing'inia pembeni. Chini taa za buluu. Binamu mwenyewe kasimama pembeni, miwani ya jua usoni, anatabasamu kama bwana harusi.

"Kaboni hiyo, kaka," akaniambia. "Kaboni faiba! Hapa Katesh nzima sina mpinzani."

Nikamwuliza kwa upole, kabononi kimeingia shilingi ngapi? Akaanza kukuna kichwa. Nikatoa kalamu. Kuvalisha kaboni pamoja na ufundi, elfu 40. Kava la siti, elfu 20. Kava la tanki lenye mifuko, elfu 15. Taa, elfu 18. Na gadi mpya ya mbele, nayo ya "kaboni", elfu 35. Jumla elfu 128.

"Na gadi ya chuma tuliyoinunua nayo?"

"Niliuza, kaka. Elfu 20. Ilikuwa inaharibu shepu."

Kwa hiyo kilichomtoka ni elfu 108. Wiki tatu mfululizo alikuwa anampa mama elfu tano badala ya elfu nane. Piga hesabu: elfu tatu mara siku 18, sawasawa na elfu 54. Nusu kamili ya urembo ule mama aliulipia bila kujua! Damu ilinichemka, we acha tu.

Lakini msomaji wangu, sikuja kumpaka binamu matope. Naye alikuwa na hoja yake. "Kaka, kijiweni tuko wengi. Abiria anakuja, anaangalia. Mwenye chombo kichafu, siti imepasuka sponji linatokeza, nani atampanda? Tangu niweke kava hili, walimu wawili na dada mmoja wa saluni wananipigia simu kila asubuhi." Nikawauliza wenzake, wakasema kweli. Siti safi inaleta wateja. Hapo nikamkubalia.

Pia pale kijiweni nilimkuta jamaa kaleta abiria kutoka Mbulu. Mikono ya usukani ameishonea vifuko vya turubai, vinene, vibaya hata kuvitazama. Nikamtania. Akanijibu, "Wewe njoo uendeshe Mbulu alfajiri ya mwezi wa saba bila hivi, uone kama utaweza kushika breki." Nikanyamaza. Mbulu iko juu kule, na baridi yake haina utani. Kava baya, kazi nzuri.

Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea. Mzee wa watu akaigonga ile gadi ya "kaboni" kwa ukucha. Ko, ko. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kijana, hii ni plastiki imechorwa. Na hii ya kwenye tanki ni stika."

Alikuwa sahihi, na mimi niliyeishia kidato cha nne nikaona niongezee maana baadhi ya mambo nimeyasoma. Kaboni faiba ya kweli ni nyuzi, nyembamba kuliko unywele wako. Wanachukua nyuzi za aina ya plastiki, wanazioka kwenye joto linalopita nyuzi 1,000 bila hewa ya oksijeni ili zisiungue, kinabaki karibu kaboni tupu. Halafu zinafumwa kama kitambaa, ndiyo maana unaona vile vimraba, kisha zinagandishwa kwa gundi maalumu. Ikikauka inakuwa nyepesi kuliko chuma, ila ngumu hasa. Mwaka 1981 McLaren walipeleka kwenye mashindano ya Formula One gari lenye bodi kuu ya kaboni. Mwaka huo huo kule Monza, Italia, dereva wao John Watson alipata ajali mbaya, gari likakatika vipande viwili, yeye akatoka akitembea kwa miguu yake. Na hapa kwetu, ile Dreamliner ya Air Tanzania iliyotua Julai 2018, karibu nusu ya uzito wa ndege ya aina ile ni malighafi za jamii hiyo.

Sasa niambie: kitu cha kutengenezea ndege utauziwa elfu 40 pamoja na ufundi? Nauliza tu!

Fundi akaongeza la kwake. Stika si haramu, akasema, inazuia rangi ya tanki isichubuke kwa mifuko ya zipu za abiria na mchanga. Tatizo ni wanaozidisha. Ameshaletewa pikipiki iliyofunikwa mpaka pembeni mwa injini eti ipendeze. Injini hizi zinapozwa na upepo. Zile mbavu-mbavu unazoziona zimewekwa ili zipigwe na hewa. Ukizifunika, umeipikia injini kwenye sufuria lenye mfuniko.

"Irudishieni gadi ya chuma," akamalizia. "Elfu 35, kesho mnachukua."

Binamu akajibu, "Wiki ijayo, mzee."

Na mimi, mjinga wa mwisho, nikakubali.

Mchana ule ule tukawasha kuelekea Basotu kumsalimia mjomba. Nikaomba helmeti ya abiria. Ilikuwapo, imening'inizwa kwenye usukani, nayo imevikwa kaboni, inapendeza ajabu. Kamba ya kidevuni? Imekatika. "Ni ya kuwaonyesha trafiki, kaka." Nikaivaa hivyo hivyo, naishikilia kwa mkono mmoja kama mama aliyejitwika ndoo.

Vumbi la njia ile unalijua kama umepita. Tulikuwa hatuendi mbio. Mbele kukawa na ng'ombe wanavuka, wachungaji wawili na fimbo zao nyuma. Ndama mmoja akabadili mawazo katikati ya barabara. Binamu akabana breki, tairi likateleza kwenye changarawe, tukalala upande wa kulia. Paa!

Gadi ya chuma kazi yake ni hiyo, msomaji. Pikipiki ikianguka, inaegemea chuma, mguu unabaki kwenye nafasi. Ile ya "kaboni" ilivunjika kama biskuti. Pikipiki nzima ikaja juu ya mguu wa binamu, na ekzosi, ya moto kama pasi, ikatua kwenye shavu la mguu. Ukelele alioupiga sitausahau. Helmeti yangu? Niliiona inabingirika peke yake, inang'aa juani. Bahati yangu nilitangulia kiwiko badala ya kichwa. Wale wachungaji ndio waliotusaidia kuinyanyua pikipiki, Mungu awabariki.

Kwenye kituo cha afya nesi alimsafisha lile jeraha, binamu analia bila aibu. Nesi hakuuliza pikipiki ni ya kaboni au ya udongo. Aliuliza tu, "Mlivaa helmeti?" Tukatazama chini wote wawili.

Siku 12 pikipiki imesimama. Elfu nane mara 12 ni elfu 96. Karibu bei ya urembo wote, na hapo sijataja dawa.

Jioni tukamkabili mama. Nilidhani atafoka. Akatazama mguu wa binamu, akamkandia ugali, akaweka na mboga. Alipomaliza kula ndipo akasema, taratibu kabisa: "Mwanangu, mimi kibanda nimeshapoteza, nikapata kingine. Sasa wewe ningekupata wapi mwingine?"

Binamu aliinama. Na mimi niliinama, maana "wiki ijayo" ile niliiitikia mimi.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi, gadi ya chuma ikafungwa. Nauli yangu ya kurudi iliishia hapo, nikarudi Arusha kwa lifti ya lori la vitunguu. Helmeti mbili mpya tukanunua kwa kuuza zile taa za buluu na kuongezea kidogo. Kava la siti tuliliacha, linaleta wateja. Stika ya tanki nayo tuliiacha. Ilichanika upande, lakini chini yake rangi iko salama. Haki yake tumpe.

Kwa hiyo, vijana wenzangu mnaoendesha, sisemi msirembe. Ujana ni maji ya moto, nani asiyependa kupendeza? Nasema fuata foleni: kwanza helmeti mbili zenye kamba, pili gadi ya chuma, tatu tairi na breki. Ikibaki chenji, vaa chui, vaa pundamilia, shauri yako.

Na wewe dada, na wewe kaka, unayepita pikipiki tatu ili upande ile inayong'aa: siku moja jaribu kuuliza helmeti kwanza. Sisi abiria ndio tunaowafundisha hawa jamaa wanunue nini.

Binamu ameanza kukanyaga chini. Jana kanitumia ujumbe: "Kaka, hesabu ya leo imetimia, ila kuna kaboni nyingine imeingia, hii ni orijino."

Sijamjibu. Nimempa mama simu amjibu yeye.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, kwa mikono miwili!