Unasoma Shule Gani?



Juma hili tafakari yangu haitoki katika masomo ya Dominika. Inatoka katika mkutano wa wazazi wa shule ya msingi ya serikali iliyo jirani na kanisa letu, mkutano nilioalikwa kama jirani, nikaenda kwa kusitasita na kurudi nyumbani nimekosa usingizi. Shule yenyewe sitaitaja, maana sikuenda pale kuishitaki, na nitakayoyasema yanatuhusu sisi wazazi na walezi kuliko yanavyowahusu walimu wake. Mtaniwia radhi nikiandika kwa ukali kidogo.

Mkutano uliitishwa saa tatu asubuhi, ukaanza saa nne na nusu. Ajenda zilikuwa nne: mchango wa chakula cha mchana, ukarabati wa vyoo, malipo ya mlinzi, na mengineyo. Hoja ya chakula ilichukua saa nzima. Hoja ya mlinzi ilitaka kutugombanisha, kwani wapo waliosema analala na wapo waliosema hata angekuwa macho hakuna cha kuiba. Mwalimu mkuu alisoma asilimia ya ufaulu wa darasa la saba, tukapiga makofi, wala hakuna aliyeuliza swali. Tulipofika kwenye mengineyo watu walikuwa wamekwisha kuinuka na kujifunga khanga zao vizuri. Ndipo bibi mmoja, anayelea mjukuu aliyeachiwa na binti yake, akasimama na kusema: "Mwalimu, niwie radhi. Mjukuu wangu yupo darasa la nne. Juzi nimempa tangazo la jumuiya anisomee, hakuweza hata mstari mmoja. Mimi sikusoma. Nifanyeje?"

Baadhi ya watu walicheka. Mwenyekiti akamwambia kwamba suala lake litashughulikiwa ofisini. Kisha mkutano ukafungwa kwa sala, na aliyeombwa kusali ni mimi. Sikumbuki niliomba nini.

Ndugu zangu, kwa muda wote ule tuliokaa chini ya mwembe, swali la bibi huyo lilikuwa swali pekee lililohusu kujifunza, nalo ndilo lililochekwa. Kila mzazi ukimuuliza anathamini nini katika shule, atakujibu: elimu. Lakini thamani ya kitu kwa mtu huonekana katika maswali anayoyauliza, na maswali yetu nayajua, maana nayasikia kila siku: ada kiasi gani, sare rangi gani, gari linapita saa ngapi, wanafundisha kwa Kiingereza, wangapi wamepata A. Tangu matokeo ya mwaka 2022 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini sisi tumeendelea kuzipanga wenyewe katika makundi ya simu zetu.

Nami simo nje ya lawama hii. Nimekuwa nikitembelea familia zenu kwa miaka, na swali langu kwa watoto ni lile lile: "Unasoma shule gani?" Mtoto akitaja shule yenye basi, ninasema, "Hongera!" Akitaja ile ya jirani, ninasema, "Haya, soma kwa bidii," kwa sauti ya mtu anayempa pole mfiwa. Watoto si wajinga. Wanaisikia ile tofauti. Wala sijawahi kumuuliza mtoto hata mmoja amesoma nini wiki hiyo. Na kwa kuwa hapa ni mahali pa ukweli, niongeze kwamba watoto wawili wa ndugu yangu wanasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, na sehemu ya ada yao ninachangia mimi.

Zamani hatukuwa hivi. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza baada ya ada kufutwa. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000; kufikia mwaka 2006 walikuwa wanakaribia milioni 8. Madarasa hayakushuka kutoka mbinguni. Wazazi walibeba mawe na mchanga, akina mama waliteka maji ya kuchanganyia saruji, na kamati za shule zikakabidhiwa fedha za ujenzi zikazisimamia, pengine vizuri, pengine vibaya. Wazazi wa miaka ile walikuwa na dai moja, mtoto aingie shuleni, wakalidai mpaka likatimia. Kosa letu ni kwamba mtoto alipokwisha kuingia hatukuwa na dai la pili.

Kisha mwaka 2016 ikaja elimumsingi bila malipo. Sina ugomvi nayo hata kidogo. Ninawajua watoto wanaosoma leo kwa sababu yake tu. Lakini maneno "bila malipo" sisi tumeyasikia kama "bila mzazi". Waraka wa serikali wa mwaka huo haukusema hivyo. Ulimwachia mzazi sare, madaftari, chakula na matibabu ya mtoto wake, na michango ya hiari ilibaki kuwa halali ikifuata utaratibu. Tena tujue fedha yenyewe ilikuwa kiasi gani. Mwaka 2002 mpango ulikadiria ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, sawa na shilingi 10,000 hivi za wakati ule. Mwaka 2016 kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000, nayo haikufika hata dola 5, na humo zilitengwa shilingi 4,000 za vitabu. Fedha ya namna hiyo inanunua chaki, labda na kufuli la stoo. Anayedhani inatosha kumfanya mtoto ajue kusoma bila mtu nyumbani kumfuatilia, anajidanganya.

Kanisa kwa upande wake limelisema jambo hili mapema. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, la tarehe 28 Oktoba 1965, linafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, na shule huja kuwasaidia. Tunalinukuu sana tamko hilo katika mafundisho ya ndoa. Sijasikia likinukuliwa katika kamati ya shule.

Sasa nifike panapouma. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinazoizunguka shule ile wamo wahasibu, wauguzi, maafisa wa halmashauri, wafanyabiashara, na wamo walimu wa shule hiyo hiyo. Ni watu wanaojua kuandika barua, kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na kumkabili afisa elimu bila kutetemeka. Wangapi kati yao wana mtoto pale? Ninawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwalimu anayefundisha darasa la tatu pale, wa kwake anapandishwa basi alfajiri kupelekwa kwingine. Waliobaki kuisemea shule ni bibi asiyejua kusoma na vijana wa bodaboda wanaochelewa mkutano kwa sababu wanatafuta riziki. Wenye sauti tumeondoka na sauti zetu, kisha tunapita pale asubuhi na kusema shule imeoza.

Mtanijibu, nami najua mtanijibu, kwa sababu mmekwisha kunijibu baraza-ni: "Padre, darasa lina watoto zaidi ya mia. Nimweke mtoto wangu humo kwa ajili ya kanuni?" Ni hoja ya kweli. Sera inataka wanafunzi 45 kwa darasa, na darasa la yule mjukuu lina 118. Niliwahesabu kwenye daftari la mahudhurio. Siwezi kumwambia mzazi mwenye uwezo amtoe mtoto wake kafara ili kuthibitisha jambo. Hoja ya pili nayo ni ya kweli: mtoto akifika kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inabadilika ghafla kuwa Kiingereza, na wengi huzama pale. Hofu hiyo haikubuniwa na wazazi. Imetengenezwa na mfumo wenyewe, na serikali zilizopishana zimeiacha ikae.

Lakini tukiikubali hofu, tusiikubali na bei ya kila kinachouzwa kwa jina lake. Nimekaa mezani na mtoto wa miaka minane aliyenikaririria kwa Kiingereza sehemu zote za ua bila kukosea. Nikamchukua nje nikamwambia anionyeshe stameni katika ua la mrehani. Hakuwa amejua kwamba maua aliyoyasoma ndiyo haya. Mama yake alifurahi sana kwa ule ukariri, akaniongeza chai.

Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010, uliofanywa kwa kuwapima watoto majumbani, ulionyesha kwamba mmoja kati ya watano waliomaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 taifa zima lilishtuka kusikia kwamba maelfu ya vijana walioingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika, ingawa walikuwa wamefaulu mtihani. Baadaye, mwaka 2015, ukaja mtaala wa madarasa ya kwanza uliowekea mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, hatua njema. Hata hivyo kipimo kile cha Uwezo hakihitaji wizara. Kinahitaji hadithi moja, mkeka, na dakika kumi za mzazi jioni.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe vizuri kuhusu yule bibi. Hajui kusoma, lakini aligundua kwamba mjukuu wake hasomi. Aligunduaje? Kwa sababu tangazo lilikuwa la Kiswahili, naye anajua sentensi ya Kiswahili inavyotakiwa kusikika. Mtoto alipobuni maneno, bibi alimkamata. Kama tangazo lingekuwa la Kiingereza, mtoto angetamka chochote, na bibi angeenda kulala akimshukuru Mungu. Shule ya serikali inafundisha kwa lugha ambayo mlezi maskini kuliko wote anaweza kuikagua. Ni hazina kubwa, nasi tunaihesabu kuwa kasoro.

Ipo na nyingine. Mtoto wa shule ile anatembea dakika kumi hadi darasani. Yule wa basi anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, anarudi jua likizama, na Jumapili ninamwona akisinzia benchi la tatu kabla hata sijafika mahubiri (kama angesinzia wakati wa mahubiri ningejilaumu mwenyewe). Pale jirani Mkristo na Mwislamu wanakaa dawati moja, mtoto wa mlinzi na mtoto wa mwenye duka, angalau pale ambapo mwenye duka hajamhamisha wake. Nchi hii ilijifunza kuishi pamoja katika madawati ya namna hiyo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alianzia shule ya serikali za wenyeji pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Sidai kwamba kila dawati litatoa Nyerere. Ninasema tu kwamba hakuna aliyempa pole.

Kwenu mliobaki na watoto pale: acheni kuridhika na asilimia inayosomwa mkutanoni. Ombeni kuona daftari. Ulizeni katika darasa la tatu ni wangapi wanaosoma na wangapi wasiosoma, kwa idadi, na ulizeni tena mwezi unaofuata. Mwalimu mzuri hatachukia. Atafurahi kwamba hatimaye kuna anayejali. Na kwenu mliohamisha watoto: sijawaambia mwarudishe. Nasema shule ile bado ni ya mtaa wenu, inaendeshwa kwa kodi yenu, na vijana watakaotoka pale bila kujua kusoma ndio watakaokuwa majirani wa watoto wenu kwa miaka hamsini. Njooni mkutanoni. Mhasibu mmoja akikaa na taarifa ya fedha mbele ya kamati, mambo hubadilika kabla ya chakula cha mchana.

Kuhusu sisi Kanisa, nitasema kifupi. Shule zetu nyingi zilichukuliwa na serikali baada ya sheria ya mwaka 1969, na baadhi yetu tumeendelea kuwa na kinyongo kana kwamba watoto nao walitaifishwa. Tuliporuhusiwa kujenga tena, tulijenga nzuri, na tukaweka ada ambayo yule bibi hawezi kuilipa. Ukumbi wetu wa parokia unakaa mtupu kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi.

Jumatano nilikwenda nyumbani kwa bibi na kitabu cha darasa la pili. Kijana anazijua herufi zote, moja moja, anazitaja haraka na kwa fahari. Anachoshindwa ni kuziunganisha. Tulikaa na neno "kuku" robo saa, na lilipompata alicheka, akaanza kulitafuta katika ukurasa mzima. Bibi alisimama mlangoni na kikombe mkononi. Nimezungumza na walimu wastaafu watatu wa parokia yetu, na mwalimu mkuu amekubali; tutaanza ukumbini Jumatatu, saa tisa alasiri, kwa watoto wa dini zote, bila mchango.

Mkutano ujao wa wazazi utakuwa Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao, chini ya mwembe ule ule. Nimemwomba mwenyekiti wa kamati aipandishe hoja ya kusoma iwe ya kwanza, kabla ya mlinzi. Amesema atafikiria.