Msiniagizie Ketamini

Minneapolis, Minnesota

 

Ndugu zangu wa Tanzania, tangu habari za ketamini zianze kuzagaa kwenye simu zenu, napokea ujumbe wa namna mbili, na kila mmoja unaupinga mwenzake. Wapo wanaoniomba niwatafutie "ile dawa ya kupuliza puani inayoondoa sonona kwa siku moja", niitie kwenye begi la mtu anayekuja likizo. Wapo pia wanaouliza kama ni kweli hospitali zetu za wilaya zinawachoma akina mama dawa ya farasi, ileile iliyomuua mcheza filamu wa Marekani, na kama ndugu yao aliyepangiwa upasuaji akatae. Mimi ni muuguzi katika kliniki inayowapa wagonjwa wa sonona dawa hiyohiyo. Nawajibu pamoja: kutuma sitatuma, na mgonjwa wenu asikatae.

Nianze na wa upasuaji, kwani lake ni la haraka. Ketamini iliundwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens kwa ajili ya kampuni ya Parke-Davis ya Detroit. Marekani iliiruhusu kama dawa ya nusukaputi mwaka 1970, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Aliyewahi kufanya kazi pale umeme unapokatika mgonjwa akiwa mezani anajua sababu. Dawa nyingi za usingizi hudidimiza pumzi na kushusha presha, hivyo zinataka mashine. Ketamini kwa kawaida humwacha mgonjwa akipumua mwenyewe. Ni kweli madaktari wa mifugo huitumia, kama wanavyotumia penisilini, na sijasikia mtu akikataa penisilini kwa kuwa ng'ombe naye huchomwa. Mwaka 2015 China ilitaka ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu ya wanaoitumia kulewa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipinga, wakijua kwamba minyororo hiyo ingewaumiza kwanza wagonjwa wa nchi ambako hakuna mbadala. Kwa hiyo mgonjwa amweleze mtaalamu wa usingizi kama ana presha au kama aliwahi kuumwa ugonjwa wa akili, aulize anachotaka kuuliza, kisha atibiwe.

Hili la sonona ni refu zaidi.

Vidonge vya kawaida vya sonona, kama amitriptilini na fluoksetini, huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona tofauti, na wapo wasiopata nafuu hata baada ya kubadilishiwa mara mbili tatu. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya majaribio madogo sana, ya wagonjwa saba tu. Walipewa ketamini kwa dripu, nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, taratibu kwa dakika 40, kiasi kisichomlaza mtu usingizi. Ndani ya siku tatu walikuwa na nafuu. Mwaka 2006 Carlos Zarate na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walipata matokeo kama hayo, na safari hii nafuu ilianza kuonekana ndani ya saa chache. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa wagonjwa 403 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, ukalinganisha ketamini na tiba ya umeme. Waliopata nafuu kwa ketamini walikuwa asilimia 55, kwa umeme asilimia 41.

Nami nimeyaona kwa macho yangu. Mama mmoja aliletwa na bintiye, hasemi, haangalii mtu. Baada ya kikao cha tatu aliniuliza kama nimekula. Ukiwa muuguzi hulisahau swali kama hilo.

Ila video mnazotumiwa huishia hapo. Nafuu ya dozi moja hudumu siku kadhaa, labda wiki au zaidi kidogo, kisha giza hurudi. Ndiyo maana dawa ya puani, esketamini, ambayo ni aina ya ketamini, inayouzwa kwa jina la Spravato na iliyoruhusiwa Marekani Machi 2019, hutolewa mara mbili kwa wiki katika mwezi wa kwanza, halafu inapunguzwa pole pole. Mgonjwa haruhusiwi kwenda nayo nyumbani. Anaipuliza mbele yetu, kisha tunakaa naye saa mbili nzima. Tunampima presha, kwa sababu hupanda. Tunamsikiliza, kwa sababu wengine huona kama wameuacha mwili wao kitini na kuutazama kwa mbali. Mmoja hulipenda hilo, mwingine hulia kwa hofu. Haendeshi gari mpaka alale na kuamka kesho yake, na lazima awepo wa kumrudisha nyumbani. Kabla ya yote hayo tumeshawarudisha wengine: aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo, mwenye presha isiyotulia, mara nyingi na anayesikia sauti zisizokuwepo. Aliyewahi kuwa mraibu tunamtazama kwa uangalifu mkubwa zaidi. Kazi yenyewe inachosha, wala haipendezi kurekodiwa.

Marekani nayo ina tamaa zake. Kliniki za dripu zimechipuka hadi kando ya saluni, zinatoza mamia ya dola kwa kikao, ingawa ketamini ya kawaida haijaruhusiwa rasmi kutibu sonona na daktari huiandika kwa uamuzi wake. Tangu korona kukawa na watu wanaozungumza na daktari kwa video, kisha vidonge vya kumung'unya vinawafikia kwa posta. Oktoba 2023 mamlaka ya dawa ya hapa ilitoa onyo kuhusu jambo hilo, ikamtaja mgonjwa aliyeimeza nje ya kituo cha afya mpaka pumzi ikadidimia.

Mwezi huohuo alikufa Matthew Perry, yule mcheza filamu mnayemtaja, wa tamthilia ya Friends. Alikuwa akipata dripu za ketamini kwa ajili ya sonona, lakini kikao chake cha mwisho kinachojulikana kilikuwa kimepita zaidi ya wiki, na kiasi kilichokutwa kwenye damu yake kilikuwa cha mtu aliyelazwa kwa upasuaji. Alikuwa akiipata nje ya kliniki. Watu watano walishitakiwa, wakiwamo madaktari wawili na msaidizi wake wa nyumbani, na wote wamekiri makosa. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kumwambia basi.

Vijana wanaoinusa kwenye sherehe wana lao, na hilo halisemwi kwa sababu linatia aibu: ketamini hula kibofu cha mkojo. Madaktari wa Canada na Hong Kong waliliandika kuanzia 2007. Mtumiaji wa mara kwa mara hukojoa damu, huenda chooni kila baada ya dakika chache kwa maumivu makali, na wapo walioishia kuondolewa kibofu wakiwa hawajafika umri wa kuoa.

Mnaona basi kwa nini sitii kitu kwenye begi. Dawa yenyewe si adimu, chupa zake zimo kwenye kabati la chumba cha upasuaji wilayani kwenu. Kinachokosekana ni daktari wa magonjwa ya akili wa kuamua nani anafaa, na muuguzi ambaye kwa saa mbili hana mgonjwa mwingine. Hao hawasafirishwi kwa mizigo, na mkinichangisha fedha afadhali ziende kusomesha muuguzi wa akili kuliko kununua chupa.

Kuna jambo jingine linalonikera kuliko bei. Esketamini iliruhusiwa hapa, mwaka 2020, pia kwa watu wenye sonona kali wanaofikiria kujiua. Lakini kwetu Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, Mahakama Kuu ikakitangaza kinyume cha Katiba Januari 2025. Mtu anayeogopa polisi hatamwambia daktari kilicho moyoni, na asiyesema hatibiwi kwa ketamini wala kwa kidonge cha bei nafuu. Wabunge wetu wakija kuomba kura, waulizeni kuhusu kifungu hicho.

Na mliye na mgonjwa ndani sasa hivi, msimwache peke yake usiku. Dawa za kuulia wadudu za shambani zitoeni nyumbani, mzipeleke kwa jirani. Mpelekeni hospitali ya wilaya au ya mkoa, mseme wazi kwamba anazungumzia kufa, na vidonge akipewa msimwachishe wiki ya pili kwa kuwa "havifanyi kazi". Mkiandikiwa rufaa ya hospitali ya Mirembe au Muhimbili, nauli niambieni mimi.