Hajakubloki Dada, Ni DNS Tu!

Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za zawadi na mitoko, maana kuna ishu imenikaa rohoni siku nyingi na inahusu kitu ambacho jina lake halina mvuto hata chembe. Kinaitwa DNS. Usifunue ukurasa mwingine kwanza! Ndoa moja pale Mabawa, Tanga, ilibaki kidogo tu isifungwe kwa sababu yake, na mimi nilikuwepo nikichochea kuni.

Ilikuwa Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021. Nilikuwa Tanga kwa siku chache, nimefikia kwa shoga yangu Mabawa. Mchumba wake alikuwa Muscat kikazi, mahari imeshatolewa, harusi imepangwa Desemba. Ratiba yao ilikuwa ile ile kila siku: Magharibi ikishaswaliwa, simu mkononi, WhatsApp mpaka usingizi. Jioni hiyo walikuwa wanavutana kidogo kuhusu hela ya ukumbi. Shoga yangu akaandika ujumbe mrefu, wenye maneno yake mawili matatu ya kuchoma, akautuma. Hakuna tiki. Tukasubiri. Hakuna tiki.

Akafungua Instagram amchungulie kama yuko hewani. Ukurasa haufunguki. Akaenda Facebook, hali ni hiyo hiyo. "Huyu kanibloki kotekote!" Machozi yakaanza. Na mimi, mhariri mzima mwenye digrii ya mawasiliano, badala ya kumwambia atulie nikamwambia, "Shoga, wanaume ukiwagusa mfukoni ndivyo walivyo." Basi akachukua simu, akaandika SMS ya kawaida. Sitaiandika yote hapa, ila ilimalizika kwa kumwambia atume mtu aje achukue pete yake. SMS ikaenda vizuri tu, kwa sababu SMS haipiti kwenye intaneti.

Sasa sikia vituko. Kule Muscat bwana naye alikuwa anaangalia ujumbe usio na tiki tangu saa moja na dakika arobaini usiku ya kwao, naye ameshajijaza kuwa kabloki yeye. SMS ilipoingia akaona ndiyo uthibitisho wenyewe. Akajibu, "Kumbe ulishaamua." Asubuhi, mtandao ukiwa umesharudi, lile la kubloki likajulikana kuwa halikuwepo, lakini maneno yalishasemwa na hayana kitufe cha kufuta. Mama wadogo wa pande zote mbili walikaa vikao zaidi ya vitatu. Harusi ya Desemba ikayeyuka na hela ya ukumbi ikapotea, ile ile iliyoanzisha ugomvi.

Kwa hiyo tuulizane: ni nini hasa kilichotokea?

Ukiwa Tanga ni rahisi kuelewa. Mitaa ya Ngamiani imepewa namba, barabara ya kwanza mpaka ya 21. Panda bodaboda umwambie kijana, "Nipeleke kwa mama muuza mikate," atakuuliza, "Barabara ya ngapi?" Jina analijua mwenye shida, lakini dereva anataka namba. Intaneti nayo haijui majina. Kila tovuti inakaa kwenye kompyuta yenye namba yake, na wewe unapoandika jina, lazima awepo mtu wa kuligeuza kuwa namba kabla safari haijaanza. Huyo mtu ndiye DNS.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na daftari moja tu lililotunzwa California, kila kompyuta ikilinakili. Kompyuta zilipoongezeka daftari likaelemewa, na mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris akabuni mfumo huu tulio nao. Fikiria balozi wa nyumba kumi. Ukimuuliza mtu asiyemjua anakwenda kuuliza ngazi ya juu, kisha anashushwa mpaka kwenye mlango wenyewe. Ngazi ya juu kabisa kuna mashina 13 yaliyopewa herufi A mpaka M. Hayo yanajua nani anashika daftari la kila mwisho wa jina. Majina yetu yanayoishia na .tz, daftari lake lilikabidhiwa tzNIC mwaka 2010. Balozi akishapata jibu analikumbuka kwa muda ili asisumbue watu kila dakika, na hapo ndipo tabu nyingine inapoanzia, kama utakavyoona.

Jioni ile ya 2021 mafundi wa Facebook walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida, ikatolewa amri moja yenye kasoro ikakata njia kuu zinazounganisha vituo vyao vyenyewe. Kompyuta zao za DNS zilipoona haziwezi kufika makao makuu, zikajiondoa barabarani, kama zilivyofundishwa kufanya. Dunia nzima ikawa inauliza, "Facebook anakaa wapi?" na hakuna wa kujibu. WhatsApp na Instagram ni watoto wa nyumba hiyo hiyo, nao wakapotea. Ilianza kama saa 12:40 jioni kwa saa za Tanga, na ikachukua takribani saa sita kukaa sawa, maana mafundi ilibidi wapelekwe kwa miguu yao mpaka kwenye vituo hivyo, na milango yake imefungwa kwelikweli.

Kama mimi au shoga yangu tungekuwa na akili ya kujiuliza jambo moja tu! Mtu akikubloki, anayepotea ni yeye peke yake. Ukurasa wa mama yako, wa fundi cherehani na wa msanii unayempenda unafunguka kama kawa. Sisi hakikufunguka kitu, na bado tukamtia hatiani mwanaume mmoja.

Hilo lilikuwa la dunia nzima. Lakini DNS hugoma hata sebuleni kwako, na hapa kuna kisa cha pili cha watu wale wale (ndiyo, walioana baadaye, subiri). Siku moja simu ya shoga yangu ikagoma kufungua tovuti yoyote, na ya mumewe iko kwenye waifai ile ile inapeta. Unadhani swali la kwanza lilikuwa nini? "Umeifanyia nini simu yangu?" Safari hii alinipigia kabla hajamaliza kugomba. Nikamwambia aende kwenye Mipangilio, sehemu ya mtandao, atafute DNS ya Faragha. Kumbe mpwa wake alishaweka humo anwani fulani ya kuzuia matangazo, na hiyo anwani ikawa haijibu tena. Simu inamuuliza balozi aliyehama mtaa! Akarudisha kwenye hali ya kiotomatiki, mambo yakawa poa ndani ya sekunde kumi. Sehemu hiyo iko kwenye simu za Android kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018, na ndiyo ya kwanza ninayoiangalia mtu akinilalamikia kuwa "bando lipo lakini hakifunguki kitu".

Ukikuta kwenye kompyuta maneno DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, usiogope ukali wake. Yanamaanisha tu kwamba balozi ameuliza kote na ameambiwa jina hilo halipo. Angalia kwanza kama umekosea herufi, maana nusu ya kesi ninazoletewa ni vidole tu. Kama herufi ziko sawa na tovuti nyingine zinafunguka, huenda mwenye tovuti hakulipia jina lake likaisha muda. Hilo huwezi kulitibu wewe, mpigie simu.

Kama hakuna tovuti inayofunguka kabisa, jaribu kwa simu ya mwenzio kwa kutumia data yake, siyo waifai yenu. Ikifunguka, tatizo ni lenu. Zima ruta, hesabu mpaka thelathini, washa. Kwenye simu washa na kuzima hali ya ndegeni. Mwenye kompyuta ya Windows afungue lile dirisha jeusi la amri aandike ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, ujue intaneti ipo na anayezingua ni DNS. Hapo andika ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani, kwa sababu tovuti huweza kuhama na kompyuta yako ikaendelea kukupeleka nyumba ya zamani.

Ikikataa bado, badili balozi. Google walianzisha wa kwao Desemba 2009, namba ni 8.8.8.8, na Cloudflare wakaleta 1.1.1.1 tarehe 1 Aprili 2018. Wote ni bure. Kwenye kompyuta unaingiza namba zenyewe kwenye mipangilio ya mtandao. Kwenye ile DNS ya Faragha ya simu namba zinakataliwa, unaandika jina: dns.google au one.one.one.one. Ila kumbuka kuwa unayempa kazi hiyo anaona kila jina unaloulizia, kwa hiyo usiokote anwani yoyote tu unayotumiwa kwenye magrupu.

Kuna siku hata ubadili mabalozi kumi hutoki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na Tanzania, Kenya na majirani wakakaa na intaneti ya kubabaisha. Hapo barabara yenyewe haipo, namba itakusaidia nini? Na wale wanaokimbilia VPN kila kitu kikigoma, TCRA ilitoa tangazo Oktoba 2023 kwamba matumizi yake yaandikishwe, kwa hiyo jifikirie kabla hujabonyeza.

Najua kuna atakayeniandikia kuwa wapenzi wa zamani waliishi kwa barua za kukaa njiani wiki tatu na hawakuachana. Ni kweli, lakini barua haikuwa na tiki. Mtu alikuwa hajui kama imefika, na kutojua huko kulimpa adabu. Sisi tumepewa kialama kidogo cha kijivu tumekigeuza kuwa shahidi mahakamani.

Shoga yangu na bwana yule waliozwa mfungo mosi wa mwaka uliofuata, nyumbani, bila ukumbi. Wana utaratibu wao sasa: tiki moja ikizidi nusu saa, anayehangaika anapiga simu ya kawaida, hata kama vocha inauma. Ile SMS ya pete bado anayo bwana kwenye simu yake ya zamani. Akitaka kumchokoza mkewe anaitoa kabatini, anaichaji, na kuisoma kwa sauti mbele ya wageni.