"Ole" ya Bwana si Laana kwa Mkimbizi



Kuna fundisho linaloenea katika jumuiya zetu ambalo hatuwezi kulinyamazia. Kila tunapopata habari za vita, kama Goma ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, wako wanaofungua Mathayo sura ya 24 na kutangaza kwamba yote yalitabiriwa, basi tusijisumbue. Wengine huthubutu kudai kwamba wajawazito na wanyonyeshao, wanaotajwa katika aya ya 19, wamelaaniwa.

Tunaikataa tafsiri hiyo. "Ole" hapo ni kilio cha mwenye huruma, wala si hukumu. Kina mama hao hawakutenda kosa. Wametajwa kwa sababu mwenye mtoto tumboni au kifuani hawezi kwenda mbio. Yesu, ambaye mwenyewe alikimbiziwa Misri angali mtoto, ndiye anayewalilia.

Tena zisomwe na aya jirani. Katika aya ya 16 Bwana anawaagiza walioko Uyahudi wakimbilie milimani. Basi kuokoa uhai si upungufu wa imani. Katika aya ya 20 anawataka wasali kukimbia kwao kusiangukie majira ya baridi wala sabato. Kwani majira hayo mvua hujaza mabonde, na siku ya sabato mwendo ulikuwa na mipaka. Bwana aliijali hata hali ya njia! Mwaka 70 majeshi ya Tito yaliuzingira Yerusalemu, na njaa ikaua watu pamoja na upanga. Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa Kanisa, anaeleza kwamba Wakristo wa mji huo walikuwa wamekwisha kuhamia Pella, ng'ambo ya Yordani. Walipona kwa sababu walikimbia, na kwa sababu palikuwa na mahali pa kufikia.

Je, sisi wa mkoa wa Kigoma ni Pella ya nani? Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Mkristo anayemlimisha mkimbizi kisha akampunja ujira, au anayemwita mzigo, asituambie kwamba anangoja unabii utimie. Yeye ndiye baridi ambayo Bwana alituagiza tuombe isiwapate wanaokimbia.

Vita havishuki kutoka mbinguni. Yuko anayenunua silaha, na yuko anayeuza madini ili azinunue. Kama utabiri ungekuwa amri ya kukunja mikono, maaskofu wa Kongo, pamoja na viongozi wa Kiprotestanti, wasingekwenda mwaka 2025 kuzungumza na Rais wa nchi na hata na waasi huko Goma. Walikwenda, kwa maana walielewa kwamba Bwana alituonya ili tutende.

Maswali kwa jumuiya ndogo ndogo:
1. Ni maneno gani tunayotumia kuwataja wakimbizi, nasi tungethubutu kuyatamka mbele ya Familia Takatifu?
2. Ni nani kati yetu anayedaiwa ujira na mkimbizi, na atamlipa lini?