Louise Brown Aliambiwa Akiwa na Miaka 4. Watoi Wetu wa IVF Je?

Taja IVF mahali popote Nairobi na watu wanaanza kunong'ona kama wanaongelea deni la shylock. Gharama tunaongea, aibu tunaongea, lakini kuna swali wazazi wengi hukwepa: huyo mtoi mwenyewe ataambiwa nini, na lini?

Cheki vile ilienda kwa yule wa kwanza kabisa. Louise Brown alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 25, 1978, dakika 13 kabla ya saa sita usiku. Mathe yake, Lesley, alikuwa amehangaika miaka 9 juu mirija yake ilikuwa imeziba. Daktari Patrick Steptoe, mwanasayansi Robert Edwards na nesi Jean Purdy wakatoa yai, wakalikutanisha na mbegu ya buda kwa maabara, alafu wakalirudisha kwa mathe. Magazeti yakamuita "mtoto wa chupa", na jina likashika.

Kabla atoke hosi alikuwa amepimwa zaidi ya mara 60, eti waone kama ni mtoi wa kawaida. Kwao Bristol wanahabari walijaa nje ya nyumba, na katikati ya barua za pongezi kulikuwa na za chuki, zingine zikiwa na damu. Imagini mathe amejifungua juzi anafungua bahasha kama hiyo.

Sasa hapa ndio mi huwapea heshima zangu. Louise akiwa na miaka 4, karibu kuanza shule, wazazi walimkalisha chini wakamwonyesha filamu ya kuzaliwa kwake. Walijua ataulizwa. Na kweli aliulizwa: watoi wenzake walitaka kujua alitoshea aje kwa chupa! Swali la kuchekesha, ndio, lakini hakushtuka, juu stori yake aliiskia kwao kwanza.

Sistake Natalie, pia wa IVF, alijifungua kawaida 1999. Louise naye akapata kijana 2006, bila maabara. Wale walikuwa wakisema hawa watoi hawatazaa wakanyamaza.

2006 hiyo hiyo ndio watoto wa kwanza wa IVF walizaliwa hapa Kenya. Leo hao ni watu wazima, wana kitambulisho. Nyuma yao kuna wengine wengi, na kuna wale walitoka kwa yai ama mbegu ya mtu mwingine. Hiyo Louise hakupitia, yeye ni damu ya Lesley na John. Millie Odhiambo amesukuma mswada wa mambo ya uzazi bungeni miaka na miaka, na ni poa, lakini hakuna mbunge atakuja kwako jioni kukusaidia kuanzisha hiyo stori.

Na wewe ukinyamaza, bado kuna auntie anajua. Siku mtakosana juu ya shamba, ataisema mbele ya watu wote.